Uzazi Salama

Uzazi Salama ni kampeni ya kimataifa ya kupunguza vifo vya wajawazito na wazazi, iliyozinduliwa Nairobi, Kenya, Februari 1987. Wakati huo ilikadiriwa kuwa wanawake 500,000 hivi hufariki kila mwaka kwa sababu za uzazi, karibu wote katika nchi zinazoendelea. Miaka miwili kabla, watafiti Allan Rosenfield na Deborah Maine walikuwa wamehoji katika jarida la tiba la Lancet mama amewekwa wapi katika huduma za mama na mtoto. Swali lilikuwa la haki: kliniki zilipima watoto uzito na kuwachanja, lakini mama aliyevuja damu usiku baada ya kujifungua mara nyingi hakuwa na pa kukimbilia.

Lengo la kampeni la kupunguza vifo hivyo kwa nusu kufikia 2000 halikufikiwa. Mwanzoni yalitegemewa mno mafunzo ya wakunga wa jadi, ambao hata wakiitambua hatari hawana damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji. Lengo la sasa la Umoja wa Mataifa ni vifo chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo 2030.