Vita vya Dakota vya 1862: Vituo sita vya kutembelea Minnesota na yaliyotokea hapo

Ukitua uwanja wa ndege wa Minneapolis–St. Paul, uko dakika chache tu kutoka ngome ya kijeshi ya Fort Snelling. Maelfu ya Wakenya na Wasomali wanaoishi Minnesota wanapita hapo kila siku. Wengi hawajui kwamba chini ya ngome hiyo palikuwa na kambi ya mateka.

Hii hapa ziara ya siku moja au mbili kwa gari. Inaanzia juu ya bonde la Mto Minnesota na kushuka nao hadi hapo Fort Snelling.

Kwanza, vita vilianzaje?

Wadakota ndio wenyeji wa eneo hili. Jina "Sioux" walipewa na watu wa nje. Mwaka 1851 walisaini mikataba ya kuiachia serikali ya Marekani sehemu kubwa ya ardhi ya kusini mwa Minnesota. Wao wakabaki na ukanda mwembamba kando ya mto, pamoja na ahadi ya kulipwa kila mwaka. Mwaka 1858 wakapoteza nusu ya ukanda huo pia.

Kiangazi cha 1862 malipo yalichelewa. Marekani ilikuwa katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Mavuno yalikuwa mabaya, watu wana njaa, na wafanyabiashara wakakataa kukopesha chakula. Agosti 17, vijana wanne wa Kidakota waliua walowezi watano huko Acton. Usiku huo baadhi ya viongozi waliamua kuingia vitani, na chifu Taoyateduta, anayejulikana zaidi kama Little Crow, akakubali kuwaongoza. Siyo Wadakota wote waliounga mkono vita. Wapo waliowaficha na kuwalinda walowezi.

1. Lower Sioux Agency, karibu na Morton

Ni takriban saa mbili kutoka Minneapolis. Hapa ndipo palikuwa na ofisi ya serikali, maduka na maghala ya chakula. Vita vilianza hapa asubuhi ya Agosti 18. Ghala moja la mawe bado limesimama. Mwaka 2021 eneo hili la kihistoria lilirudishwa kwa jamii ya Wadakota wa Lower Sioux.

2. Birch Coulee

Iko jirani na Morton. Kikosi kilichotumwa kuzika maiti kilipiga kambi hapa, kikazingirwa alfajiri ya Septemba 2. Mapigano yaliendelea zaidi ya siku nzima. Unatembea mwenyewe kwenye njia yenye mabango, na uzuri wake ni kwamba yanasimulia pande zote mbili: mwanajeshi wa Marekani na Wamditanka, kiongozi wa Kidakota aliyepigana hapo.

3. Fort Ridgely

Wadakota waliishambulia ngome hii mara mbili, Agosti 20 na 22. Mizinga ndiyo iliyoiokoa. Leo utaona misingi ya majengo na jengo la mawe.

Lakini kuna jambo moja linalouma hapa. Ile hela iliyochelewa, dola 71,000 za dhahabu, ilifika kwenye ngome hii Agosti 18. Yaani siku ileile vita vilipoanza. Ilichelewa kwa saa chache tu.

4. New Ulm

Mji wa walowezi wa Kijerumani. Ulishambuliwa Agosti 19 na 23, na sehemu kubwa ikateketea. Watu wapatao 2,000 waliuhama wakakimbilia Mankato. Mnara wa mwaka 1891 unawakumbuka waliotetea mji. Katika vita vyote, walowezi na wanajeshi zaidi ya 600 waliuawa, wengi wao raia, wakiwemo watoto.

5. Mankato

Baada ya Wadakota kushindwa huko Wood Lake, Septemba 23, mahakama ya kijeshi iliwashtaki wanaume 392. Kesi nyingine zilichukua dakika chache, bila wakili wa utetezi. Watu 303 walihukumiwa kifo. Rais Abraham Lincoln alipitia majalada na kupunguza idadi hiyo. Desemba 26, 1862, wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja. Hadi leo ndiyo hukumu kubwa zaidi ya kunyonga watu kwa siku moja katika historia ya Marekani.

Zamani palikuwa na jiwe lililoeleza tu kwamba Wasioux 38 walinyongwa hapo. Liliondolewa mwaka 1971. Tangu 2012 kuna kumbukumbu yenye jina la kila mmoja wao, ndani ya Reconciliation Park.

6. Fort Snelling

Wadakota wapatao 1,600, wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee, walitembezwa hadi hapa Novemba 1862. Walikaa kambini majira yote ya baridi. Kati ya 130 na 300 walikufa, wengi kwa magonjwa. Mwaka 1863 Bunge la Marekani likafuta mikataba na Wadakota wakafukuzwa Minnesota. Kambi ilikuwa karibu na Bdote, mito ya Minnesota na Mississippi inapokutana. Kwa Wadakota wengi, hapo ni mahali patakatifu.

Kabla hujaondoka

- Angalia saa za kufungua. Baadhi ya maeneo hufungwa majira ya baridi.
- Vituo vingi viko nje, kwa hiyo vaa viatu vya kutembea.
- Chama cha Historia cha Minnesota kimeandaa maelezo ya sauti ya vita hivi, unayasikiliza kwa simu ukiwa njiani.
- Kumbuka baadhi ya maeneo watu walifia hapo. Kabla ya kupiga picha, soma bango.
- Kila ukifika kwenye mnara, angalia umejengwa lini na nani. Ule wa New Ulm na ule wa Mankato vinahusu vita vilevile, ila vimepishana miaka 121, na hata majina vinayoyataja ni ya watu tofauti.