Mali Isiyo na Daftari: Kati ya Mbulu na Haruku

Waswahili wa pwani husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya mtu wa duka, aliyezoea mizani, deni na msafiri asiyerudi. Ukiipandisha mpaka Endagikot, jirani na mji wa Mbulu, itakutana na mzee mwenye ng'ombe saba ambaye zizini kwake wanalala wawili tu, na mmoja wa hao wawili si wake. Daftari hana. Lakini wote saba anajua walipo, nani anawakamua na yupi ana mimba.

Kwa Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, kuwekesha ng'ombe kwa rafiki au ndugu ni desturi ya siku nyingi. Anayepokea hunywa maziwa na kutumia samadi. Anayetoa hupata usalama, kwa kuwa ugonjwa au ukame ukiingia bonde moja haumwachi mikono mitupu. Zamani kulikuwa na hofu nyingine, ya kuvamiwa na Wamasai, na hofu hiyo iliacha alama hata kwenye ujenzi. Tembe ya kale ilichimbwa ubavuni mwa mlima, paa lake la udongo likawa sawa na mteremko, hata mtu aliyeshuka kutoka juu angeweza kulikanyaga kabla hajajua kuwa chini yake kuna moto, watoto na mifugo. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na kulipokucha samadi ilizolewa ikabebwa shambani. Kule Kainam ardhi imelimwa vizazi na vizazi, na samadi hiyo ni mojawapo ya siri zake. Anayemwekesha jirani ng'ombe, basi, anamwekesha pia rutuba ya shamba.

Sasa tuvuke Bahari ya Hindi yote mpaka visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Katika kijiji cha Haruku, kwenye kisiwa cha jina hilohilo, mali inayolindwa kuliko zote haina zizi wala alama ya moto. Ni lompa, samaki mdogo mfano wa dagaa. Mchana hujaa mtoni, usiku hutoka baharini kutafuta chakula, alfajiri hurudi. Vifaranga vyake vikionekana ufukweni, kijiji hutangaza sasi: hakuna kuvua, hakuna kuwasumbua, mpaka wakue. Makuti machanga hufungwa kwenye nguzo kuwa alama, na walinzi waitwao kewang hukamata na kutoza faini. Miezi mitano mpaka saba baadaye sasi hufunguliwa. Mienge ya makuti huwashwa gizani kwenye mlango wa mto, samaki hufuata mwanga na kuingia, wavu hufunga njia nyuma yao, na kijiji kizima huingia majini. Mwaka 1985 kewang wa Haruku walipewa Kalpataru, tuzo ya taifa ya mazingira ya Indonesia.

Mila hizi mbili zinafanana kwa jambo ambalo daftari haliwezi kulishika: zote mbili huhifadhi mali kwa kuiachilia. Mzee wa Mbulu anamwachilia ng'ombe wake aende kwa mwingine. Mvuvi wa Haruku anamwachilia samaki aende baharini kila usiku. Lakini zinatofautiana mahali penyewe pa umiliki. Ng'ombe ana mwenyewe popote alalapo, hata akizaa mara nne katika zizi la watu. Samaki hana mwenyewe mpaka aingie katika maji ya kijiji, na hata hapo mwenyewe ni kijiji. Ndiyo maana ugomvi wa Mbulu huwa baina ya mtu na mtu, na shahidi hutafutwa; ugomvi wa Haruku huwa baina ya mtu na kijiji, na faini hutafutwa.

Pwani yetu wenyewe inasimama katikati. Unguja na Pemba, mnazi au mkarafuu umeweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi ulipoota; mtu huuza mti, huurithi, huuweka rehani, na udongo ukabaki wa mwingine. Hata Maluku mti na ardhi vimeweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na nazi ambazo hazijakomaa huwekewa sasi kama samaki. Mtu wa Pemba angeielewa Haruku haraka kuliko Mbulu. Mtu wa Mbulu angeuliza kwanza, je, ukinunua mti, kivuli chake ni cha nani?

Serikali za kikoloni hazikuuliza swali hilo. Mwaka 1870 Waholanzi waliamua kwamba ardhi ambayo mtu hawezi kuthibitisha umiliki wake ni ya dola. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza vivyo hivyo katika Afrika Mashariki yao, na mwaka 1923 Waingereza wakaiita ardhi yote ya Tanganyika ardhi ya umma. Lugha tatu, sheria moja: kisichokuwa na karatasi hakina mwenyewe. Mkulima wa Mbulu na mvuvi wa Maluku wakajikuta, bila kujuana, wapangaji kwao.

Uhuru haukuufunga mjadala huo. Kusini ya Mbulu, katika wilaya ya Hanang, Wabarabaig walichunga kwa kuzunguka: malisho haya masika, yale kiangazi, mengine yakipumzika. Shirika la serikali la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba saba ya ngano, kila moja ekari zipatazo 10,000. Malisho yaliyokuwa yamepumzika yalionekana matupu, na makaburi ya wazee, ambayo kwa Wabarabaig ni alama za ardhi na za ukoo, yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo: kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na baadhi ya wanakijiji hawakuthibitisha hata kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya 1923.

Indonesia ilipitia njia hiyohiyo, ila kwa upande wa maji. Sheria ya mwaka 2007 iliruhusu serikali kutoa haki ya kuendesha shughuli katika maji ya pwani kwa watu binafsi na makampuni, kana kwamba bahari ni mashamba ya kupimwa. Wavuvi na vyama vyao walipinga, na mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ikakifuta kipengele hicho. Hapa tofauti ni ya dhahiri: Mulbadaw waliambiwa walete ushahidi wa umiliki, wavuvi wa Indonesia hawakulazimika kumiliki bahari ili wasinyang'anywe. Yawezekana bahari iliwasaidia, maana ni rahisi hakimu kukubali kwamba maji hayapimwi. Malisho yanayopumzika ni magumu kuyatetea, kwa kuwa yanafanana mno na shamba lisilo na mtu.

Tanzania nayo imejifunza kuandika kilichokuwa hakiandikiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inaitambua haki ya kimila hata bila hati, na inatoa hati kwa anayetaka. Mwaka 2011, huko Yaeda Chini wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata hati ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao ya kuwinda na kuchimba mizizi: karatasi moja, wenyewe wengi. Daftari lilikubali hatimaye kujifunza lugha ya wenye mali.

Tusizipake mila rangi zisizo zake, lakini. Katika vijiji kadhaa vya Maluku, haki ya kuvuna lola, konokono wa baharini, sasi inapofunguliwa imekuwa ikinadiwa kwa wafanyabiashara, na mvuvi mdogo akabaki mtazamaji wa alichokilinda. Mbulu nako, ardhi imerithiwa kwa upande wa wanaume, na mjane ameweza kulima shamba miaka thelathini bila kuitwa mwenye shamba. Wakati huohuo Waminangkabau wa Sumatra, taifa jingine la Indonesia yenyewe, hurithisha ardhi ya ukoo kupitia kwa wanawake, na wanaume ndio wageni nyumbani. Mila haina jibu moja, na walio ndani yake ndio wa kwanza kuigombeza.

Tumalizie Mbulu, baada ya mavuno. Tangu mbegu ianguke, shamba lilikuwa la mtu, na ng'ombe aliyeingia alileta kesi. Mahindi yakishatolewa, mabua yamebaki yamesimama, na mifugo ya majirani inaingia bila kubisha hodi. Inakula, inaacha samadi, inatoka. Mvua ya kwanza ikinyesha, shamba linafungwa tena.

Haruku hukichukua kilicho cha wote na kukifunga kwa muda, ili kiongezeke. Mbulu hukichukua kilicho cha mmoja na kukifungua kwa muda, ili nacho kiongezeke. Ufunguo ni uleule, unazungushwa kinyume. Na kotekote mwenye mali anatambulika kwa jambo ambalo daftari halina safu yake: anajua siku ya kufunga na siku ya kufungua, na jirani zake wanaijua pia.