Ornette Coleman na saksafoni ya plastiki

Kila tunapopiga muziki wa Ornette Coleman, hatukosi ujumbe wa kuuliza kama redio imeharibika. Haijaharibika. Hata wanamuziki wenzake waliwahi kushuka jukwaani wakamwacha akipuliza peke yake.

Coleman alizaliwa Fort Worth, Texas, nchini Marekani, mwaka 1930. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake alikuwa mshonaji. Saksafoni alijifunza mwenyewe, na mwanzoni majina ya noti aliyaelewa visivyo. Alipokuja kujua, sikio lake lilikuwa limeshazoea njia yake.

Alianza na bendi za kuchezesha watu dansi kwenye baa. Mwaka 1949, mjini Baton Rouge, alipigwa baada ya onyesho na saksafoni yake ikavunjwa. Baadaye akiwa Los Angeles aliendesha lifti katika duka kubwa huku akisoma vitabu vya muziki. Mwaka 1954 alinunua saksafoni nyeupe ya plastiki, kwa kuwa ya chuma hakuimudu. Ilionekana kama kitu cha kuchezea watoto, lakini sauti yake kavu, inayokaribia ya mtu anayelia, ndiyo iliyomtambulisha.

Alichobadilisha ni hiki. Katika jazi ya kawaida, mpulizaji anapoachiwa nafasi, piano na besi huzunguka chini yake kwa mpangilio uliokwisha kuwekwa, naye haruhusiwi kutoka nje yake. Ni kama mpiga solo wa bendi ya dansi anavyolifuata gitaa la ridhimu. Coleman aliondoa piano. Bendi inapiga wimbo, kisha kila mmoja anakwenda unakompeleka, wenzake wakimfuata kwa kumsikiliza.

Novemba 1959 aliingia na wenzake watatu katika klabu ya Five Spot, New York, na mji ukagawanyika. Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra, alimsifu. Miles Davis alimbeza. Desemba 1960 alirekodi "Free Jazz", bendi mbili zikipiga kwa pamoja kwa dakika kama 37. Baadaye akajifunza fidla na tarumbeta bila mwalimu, na hapo baadhi yetu hupunguza sauti. Mwaka 1966 alimrekodi mwanawe Denardo, wa miaka 10, akipiga ngoma. Miaka ya 1970 akaingiza magitaa ya umeme.

Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki. Alifariki New York mwaka 2015.

Kama unaanza, tafuta "Lonely Woman" ya mwaka 1959. Coleman alisema ilitokana na picha aliyoiona ya mwanamke tajiri mwenye uso wa upweke. Sikiliza ngoma peke yake kwanza: zinakimbia. Kisha sikiliza saksafoni na tarumbeta, zinavyojikokota juu yake bila haraka yoyote.