Mji Usioandikwa: Somo Juu ya Magofu ya Gede

Somo la leo ni la historia. Wekeni karatasi na kalamu karibu, maana katikati ya somo tutafanya hesabu moja. Si hesabu ngumu kwa mtu aliyekwisha kujifunza kuzidisha na kugawanya.

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Mombasa kwenda Malindi, zikisalia maili 10 hivi, utaona njia inayopinda kwenda mkono wa kulia, upande wa bahari. Ifuate kidogo, nawe utafika kwenye msitu wa miti mirefu. Ndani ya msitu huo mna mji. Watu wake hawapo, lakini kuta zake zipo, na milango yake ya matao, na visima vyake, na misikiti, na makaburi. Miti mikubwa imeota juu ya mawe, na mizizi yake imeyakumbatia. Wenyeji huuita mji huu Gede. Katika vitabu na ramani mara nyingi huandikwa Gedi. Ukuta wake wa nje unazunguka eneo la ekari 45 hivi. Inakisiwa kwamba mji ulipokuwa katika neema yake, miaka ya 1400 na kitu, walikaa humo watu wapatao 2,500.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, alipokuwa akielekea Bara Hindi. Wareno wenzake wakamfuata, wakakaa Malindi karibu miaka mia, wakiandika barua na taarifa nyingi kupeleka kwao. Kutoka Malindi mpaka Gede ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Hata hivyo, katika maandishi yao yote hatulikuti jina la Gede. Leo mgeni akifika Malindi huonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama, naye alikaa pale siku chache tu. Watu wa Gede walizaliwa, wakaoa, wakazikana kwa vizazi vingi, wasipate hata mstari mmoja. Mimi naona si haki. Lakini maandishi ndivyo yalivyo: mwenye kalamu huandika linalomhusu yeye.

Basi, ikiwa hakuna kitabu, tutaijuaje habari ya mji huu? Tutaisoma katika vitu. Ninyi mnajifunza kusoma herufi. Leo nataka tujaribu kusoma ukuta, kigae na kisima.

Kwanza tusahihishe neno moja. Utasikia watu wakisema kwamba magofu ya Gede “yaligunduliwa” na mzungu fulani. Mwingereza John Kirk, aliyekuwa balozi wa nchi yake huko Unguja, alifika Gede mwaka 1884. Lakini Wagiriama wa jirani walijua siku zote kwamba mna mji msituni. Waliwaheshimu na kuwaogopa pepo wa mahali pale, na kwa hiyo hawakuingia ovyo kubomoa. Wako wanaoicheka imani hiyo. Mimi siicheki, kwa sababu hofu ile ililinda mji vizuri kuliko seng’enge.

Walioharibu ni wale waliokuja bila hofu. Waswahili wa zamani walikuwa na desturi ya kupamba makaburi na misikiti kwa vyombo vya kaure. Kaure ni udongo mweupe, laini, uliochomwa kwa moto mkali sana, kama ule wa vikombe vizuri vya chai; wakati ule ulitoka China. Bakuli au sahani ilitiwa katika ukuta chokaa ikiwa bado mbichi, nayo ikashikwa humo. Katika miaka ya 1920 watafuta mali waliingia Gede wakavibandua vyombo hivyo wakaenda navyo. Mwaka 1927 serikali ikautangaza mji kuwa mahali pa kumbukumbu ya kale. Kisha, tangu mwaka 1948 mpaka 1958, James Kirkman alisimamia uchimbaji wa taratibu pamoja na wafanyakazi wake.

Huenda mtauliza: kuna tofauti gani? Yule wa kwanza alichukua bakuli, na huyu wa pili naye alichukua bakuli. Tofauti ni kubwa, na hapa naomba msikilize kwa makini.

Fikiri juu ya jaa lililo nyuma ya nyumba yako. Takataka za leo ziko juu. Za mwaka jana ziko chini ya hizo, na za wakati wa babu yako ziko chini kabisa. Ardhi ya mji wa kale ni kama jaa hilo. Mchimbaji mwenye elimu huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka moja baada ya jingine, akauchekecha, na kila kitu akionacho huandika kilikuwa wapi, kina chake futi ngapi, na kililala pamoja na nini.

Mtu akikuletea kigae cha sahani ya Kichina mkononi akasema, “Nimekiokota Gede,” umejua jambo moja tu, kwamba sahani ya China ilifika Gede. Lakini kigae hichohicho kikikutwa chini ya sakafu ambayo haijavunjwa, umejua kwamba sakafu ilitengenezwa baada ya sahani kuvunjika. Na kama wajua sahani za namna ile zilianza kutengenezwa lini huko China, umejua kwamba sakafu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko hapo. Kwa hiyo kitu chenyewe ni nusu ya habari, na mahali kilipolala ni nusu ya pili. Aliyebandua bakuli kaburini alichukua bakuli moja, lakini alifuta habari mbili: bakuli halina tena kwao, na kaburi halina tena umri.

Kwa bahati nzuri, kaburi moja la Gede halikuhitaji bakuli ili lijulikane umri wake, kwa kuwa limeandikwa mwaka katika lipu yake. Mwaka huo ni 802 wa Hijra. Basi shikeni kalamu.

Hijra, yaani kuhama kwa Mtume Muhammad kutoka Makka kwenda Madina, ilikuwa mwaka 622. Wengi wenu mtajumlisha 622 na 802, mpate 1424. Jibu hilo si sawa. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ndiyo sababu Ramadhani huja mapema kila mwaka. Basi zidisha 802 kwa 11. Utapata siku 8,822. Gawanya kwa 365, utapata miaka 24 na ziada kidogo. Sasa toa 24 katika 1424: inabaki 1400. Wenye kuhesabu kwa kila siku wanatuambia kwamba mwaka 802 ulianza Septemba 1399. Mmeona jinsi tulivyokaribia kwa kalamu na karatasi tu?

Kaburi lile likawa kama kigingi kilichopigwa ardhini. Vigae vilivyo katika matabaka ya chini yake ni vya kabla ya mwaka huo, na vya matabaka yaliyolifunika ni vya baadaye.

Haya, tuingie nyumbani mwa watu. Wachimbaji waliziita nyumba kwa majina ya vitu walivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Wenye nyumba bila shaka walikuwa na majina yao, nayo yamepotea.

Ukipima vyumba utaona ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini tajiri ajenge chumba chembamba? Jibu liko juu, mahali ambapo sasa hapana kitu. Sakafu ya dari ilikuwa ya mawe na chokaa, mzigo mzito, nayo ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ikiwa ndefu mno hupinda. Kwa hiyo boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Boriti zenyewe zimeoza zamani, lakini upana wa chumba umetuwekea kipimo chake. Aliyeingia nyumba za kale za Lamu ameona mambo hayohayo.

Nyumbani mlikuwa na choo cha shimo na mahali pa kutawadhia. Baadhi ya nyumba zina chumba cha nyuma kisicho na mlango hata mmoja, isipokuwa tundu lililo juu ukutani. Hiyo ilikuwa ghala. Mwenye kuingia alihitaji ngazi, na mwizi naye vilevile. Penye milango walifukia vyungu vya fingo chini ya udongo, ili kuikinga nyumba na mabaya. Na watu hao ndio waliojenga msikiti mkuu na kuswali humo. Bibi zetu wengi wangewaelewa bila kufasiriwa.

Lakini walikuwa nani? Wataalamu wa zamani walisema ni mji wa Waarabu. Hata kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliuita hivyo katika jina lake. Sasa utazame mji wenyewe. Juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu pamechongwa mkuki. Mawe ni ya matumbawe ya pwani hii, na chokaa ilichomwa hapahapa. Na vigae vilivyo vingi kuliko vyote havikutoka China wala Uajemi. Ni vya vyungu vya kupikia, vilivyofinyangwa na watu wa pwani wenyewe. Mgeni hukimbilia kaure kwa sababu inang’aa. Mimi ningekuomba uanze na chungu chenye masizi, kwa kuwa kaure hutuambia mtu alinunua nini, na chungu hutuambia yeye ni nani. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba Gede ulikuwa mji wa Waswahili, yaani Waafrika wa pwani waliofanya biashara na watu wa ng’ambo na kuoana nao. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa kutoka makaburi ya miji mingine ya pwani, kama Mtwapa na Manda. Ilionekana kwamba wengi wa watu wale walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba.

Kuhusu sababu za watu kuuacha mji, mwanzoni mwa miaka ya 1600, nitasema machache. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa, ile iitwayo Fort Jesus, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa, biashara ikamfuata. Waoromo nao walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na pwani ikawa na vita. Inasemekana hata jina Gede ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni wa kisima. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza. Hakuna mtu anayejitia taabu ya kuchimba kisima kilichojaa. Maji yalikuwa yakishuka, na watu wakayafuata kwa sururu mpaka walipochoka.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Misitu ya kaya za Wamijikenda ilitangulia kuingizwa, mwaka 2008. Nataja kaya makusudi, maana ndani yake hamna majumba ya mawe. Kuna njia, lango, makaburi na miti ambayo haikatwi. Kwa hiyo usiseme, “Kwetu hakuna magofu.” Kwetu kunaweza kuwa na mibuyu iliyosimama mahali ambapo zamani palikuwa na kijiji. Kunaweza kuwa na mwamba wenye vishimo laini vilivyotokana na kusaga nafaka, au chungu ya mavi ya chuma iliyoachwa na wahunzi, au kisima ambacho hata wazee hawamjui aliyekichimba.

Kazi ya darasa mpaka kipindi kijacho ni hii. Kila mmoja amwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, amwulize: ni mahali gani hapa petu palipokuwa na watu zamani kuliko pengine? Andika jina la mahali hapo kama mzee anavyolitamka, hata kama serikali hupaita kwa jina jingine. Kisha nenda upaone. Hesabu hatua kutoka barabarani au mtoni, uchore ramani ndogo. Ukiona kigae kimejitokeza ardhini, kichore, uandike kiko upande gani wa mti au wa jiwe, nawe ukiache palepale. Usichimbe. Ninyi mlio Kenya mjue kwamba iko sheria ya mwaka 2006 inayomtaka anayegundua vitu vya kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Mtu wa kuchoma chokaa akija na gari kuchukua mawe ya ukuta wa kale, mwambieni mwenyekiti wa kijiji au chifu siku hiyohiyo, kwa sababu kesho ukuta hautakuwapo.

Walimu, zikusanyeni ramani hizo na kuzibandika ukutani, zile zinazohusu mahali pamoja zikae karibu. Wanafunzi wawili wakiwa wameandika majina mawili ya kisima kimoja, msifute hata moja. Waiteni wale wazee wawili waje darasani waelezane, na mmoja wenu awe anaandika.