Kivaliwa

Alfajiri, kwenye njia panda ya Cheptiret, pale barabara ya Chuo Kikuu cha Moi inapoachana na ile ya Eldoret na Nakuru, wapo wakimbiaji ambao hawaondoki kabla ya kubonyeza saa mkononi. Huiita saa tu, ingawa hawakuivaa ili kujua ni saa ngapi, bali kuona moyo unavyopiga.

Zipo pia pete, na mikanda ya kifuani, zenye kazi hiyohiyo, na vyote vinahitaji jina moja la Kiswahili. "Kifaa cha kuvaliwa" kinaeleweka, ila ni maelezo zaidi ya jina. "Saa janja" inaziacha nje pete na mikanda. "Kivazi" lingefaa kama lisingekuwa na kazi yake tayari, namna mtu anavyovaa. Napendekeza kivaliwa, kwa umbo la kitendwa ambalo wanasarufi wamelizoea.

Kitenzi chake ndicho kigumu. Wauzaji husema kinapima afya. Lakini kupima ni kazi ya mara moja: unaingia zahanati, unafungwa mkanda wa presha, unapewa namba. Kivaliwa kinafuatilia. Mgongoni mwa saa kuna taa ya kijani. Damu hufyonza rangi hiyo, hivyo kila moyo unapopiga na damu kujaa mishipani, mwanga unaorudi hupungua. Kihisio huhesabu kupungua huko, mchana na usiku. Namba moja peke yake haitoshi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na wa mkimbiaji hodari unaweza kupiga karibu mara 40 bila ugonjwa wowote. Anachokitazama mkimbiaji ni badiliko: aliyezoea 42 akiamka na 52 asubuhi mbili mfululizo, huenda mwili haujapumzika, au homa inanyemelea. Hapo hupunguza mwendo.

Taa nyekundu, ya kukadiria oksijeni, ndiyo inayonitia wasiwasi. Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni ya damu huku huwa chini kidogo kuliko Mombasa. Tena utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipima oksijeni vya hospitali, vinavyotumia mwanga uleule, vilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa Weupe. Ngozi hiyo nyeusi ni yetu.

Kufuatilia kuna upande wa pili: kufuatiliwa. Mapigo ya moyo yaliyohesabiwa hutoka mkononi yakaingia kwenye simu, kisha mara nyingi kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kwa hiyo ningepewa kutafsiri kitufe cha kukubali masharti, nisingeandika "Ruhusu kupima". Ningeandika "Kubali kufuatiliwa", ili mwenye mkono ajue anabonyeza nini.