Utengamao wa uoni baada ya kiharusi

Utengamao wa uoni ni mafunzo na vifaa anavyopewa mtu ambaye ubongo wake, si macho yake, umepoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Chanzo kikubwa ni kiharusi. Vingine ni jeraha la kichwa na uvimbe wa ubongo. Habari zinazotoka machoni husomwa kisogoni: ubongo wa kushoto hushughulikia kila kilicho upande wa kulia, na wa kulia kilicho kushoto. Upande mmoja ukikosa damu, nusu ya uwanda wa kuona hupotea katika macho yote mawili. Hali hii huitwa hemianopia.

Mgonjwa mara nyingi hudai jicho moja limekufa. Hununua miwani, na fedha zake hupotea bure, maana jicho ni zima. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mpimaji huketi ana kwa ana na mgonjwa, humtaka amkazie macho puani, kisha huchezesha kidole pembeni, huku na huku, akifunika jicho moja baada ya jingine. Kidole kisipoonekana upande uleule kwa kila jicho, hitilafu iko nyuma ya macho.

Elimu hii ilipatikana vitani. Tatsuji Inouye, daktari wa macho wa Japani, aliwapima askari waliopigwa risasi za kichwa katika vita na Urusi vya 1904–1905, akachora ramani ya eneo la kuona na kuichapisha 1909. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Walter Poppelreuter wa Cologne, Ujerumani, aliwafunza majeruhi wa aina hiyo kutazama na kufanya kazi upya.

Uoni ukirudi wenyewe, kwa kawaida hurudi ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Baada ya miezi 6 ni nadra. Hapo kinachobaki ni kuyafunza macho. Asiyefunzwa hutafuta kitu upande uliopotea kwa miruko mifupi mingi na kuchelewa kukifikia. Hufunzwa kuyatupa macho mbali kwa mruko mmoja, hata yapite kile kinachotafutwa, kisha yarudi. Josef Zihl wa Munich ndiye aliyelifanyia kazi sana zoezi hili. Barabarani faida yake ni dhahiri: Kenya na Tanzania magari hupita kushoto, basi anayevuka hukutana kwanza na gari linalotoka kulia. Aliyepoteza upande huo hana budi kugeuza kichwa kizima.

Kurudisha uoni wenyewe ni jambo jingine. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba mazoezi ya kompyuta hupanua uwanda wa kuona. Wengine walipopima baadaye kwa kuhakikisha jicho halisogei, nyongeza hiyo karibu yote ilitoweka. Anayeuziwa tiba hiyo kwa bei kubwa ana haki ya kusita. Vipande vya prizimu vinavyobandikwa kwenye lenzi, vya Eli Peli wa Boston, haviahidi muujiza: huvuta tu picha ya upande uliopotea na kuileta panapoonekana.

Kusoma hutegemea mwandiko. Katika herufi za Kilatini, aliyepoteza kulia haoni neno lijalo, kwa hiyo husoma kwa kukwama. Chuo cha University College London (UCL) kilitengeneza programu ya bure ya intaneti, Read-Right, ambamo maandishi hutiririka kutoka kulia kwenda kushoto ili macho yazoee kusonga mbele. Aliyepoteza kushoto husoma mstari vizuri lakini hapati mwanzo wa unaofuata. Rula iliyosimamishwa kwenye pambizo la kushoto humsaidia. Kwa msomaji wa Kurani au wa barua za Kiswahili cha hati ya Kiarabu, mambo hugeuka: aliyepoteza kushoto ndiye anayekwama, na rula huhamia kulia.