Namba ya Mawimbi Inatoka Wapi?

Huku San Diego kiangazi kimeingia, na kila Jumamosi Waswahili wa hapa tunaulizana: leo bahari ikoje? Kwetu Tanga swali hilo huulizwa mvuvi. Atatazama mwezi ajue kama ni bamvua au maji mafu, atasikiliza upepo, kisha atakujibu. Huku mtu anafungua simu, anasoma "futi 3", anabeba watoto na kapu la chakula, safari. Leo naomba tuifuate hiyo namba mpaka kwao. Kwao ni vitani.

Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilikuwa likijiandaa kushusha askari Afrika Kaskazini. Boti za kushushia askari zilikuwa duni: bahari ikichafuka kidogo, zinageuzwa ubavu na kujaa maji. Kijana mmoja mzaliwa wa Vienna, Walter Munk, aliona kwamba mawimbi yakizidi kiasi fulani mazoezi yanaahirishwa. Akajiuliza, je, huko Moroko, ambako mawimbi ya msimu wa baridi ni makubwa zaidi, vita navyo vitaahirishwa? Akamtafuta mwalimu wake, Mnorwe Harald Sverdrup, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Scripps, iliyopo hapa hapa La Jolla. Wakatunga njia ya kukisia mawimbi kutokana na ramani za hali ya hewa: upepo una nguvu gani, umevuma muda gani, na umepita juu ya eneo refu kiasi gani la bahari. Maofisa wa jeshi wakafundishwa njia hiyo, nayo ikatumika hadi Normandy, tarehe 6 Juni 1944.

Lakini kulikuwa na tatizo. Bahari haina wimbi la kimo kimoja. Ukisema "mawimbi ni futi 5", unasema wimbi lipi? Jibu lilitoka kwa waongoza boti. Walipoulizwa kimo cha mawimbi, makisio yao yalikaribiana na wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Jicho la baharia huyapuuza madogo. Basi wataalamu wakaufanya wastani huo kuwa kipimo rasmi, na mpaka leo ndicho kinachotangazwa duniani kote. Kwa hiyo ile namba ya kwenye simu imepimwa kwa kuiga jicho la mtu.

Baada ya vita vikaja vifaa. Mwaka 1975 Scripps walianza mtandao wa kupima mawimbi ya pwani, na serikali nayo ina maboya yake baharini. Boya hupanda na kushuka na maji, kifaa kilichomo ndani kinarekodi mwendo huo kwa dakika 20 hadi 30, kisha hesabu inatumwa nchi kavu. Pasipo na boya, kompyuta hukisia kwa kutumia upepo na satelaiti. Mwaka 1985 mchezaji wa mawimbi wa California, Sean Collins, alianza kutoa utabiri kwa njia ya simu, na watu wakalipia kuusikiliza. Hiyo ndiyo Surfline, ambayo baadaye ilihamia kwenye intaneti.

Sasa, je, tuiamini? Mimi nasema tuiamini kwa kadiri ya inachojua.

Kwanza, ni wastani. Boya likisema futi 3, takriban wimbi moja katika kila 7 litazidi hapo, na ukikaa majini saa kadhaa unaweza kukutana na linalokaribia futi 6. Mtoto wa miaka minane haangushwi na wastani.

Pili, boya liko mbali, wewe uko ufukoni. Hapa La Jolla kuna bonde refu chini ya bahari, nalo hupinda mawimbi. Siku ile ile Black's Beach panaweza kunguruma, na jirani yake La Jolla Shores watoto wanacheza.

Tatu, habari huchelewa. Maji taka ya mto Tijuana huja mpaka Imperial Beach. Kwa kipimo cha zamani, cha kuotesha bakteria maabara, majibu hupatikana baada ya siku nzima, kwa hiyo ulikuwa unasoma maji ya jana. Kuanzia 2022 wilaya ya San Diego inatumia kipimo cha vinasaba, na majibu hutoka siku hiyo hiyo.

Na kuna jambo lililonigusa mimi mtu wa pwani. Miaka ya 1950 Munk na wenzake walipima mawimbi kwenye kisiwa cha Guadalupe, Mexico, wakagundua kuwa mengine yametoka kwenye dhoruba za kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu nusu ya dunia. Ndiyo maana kiangazi hapa unaweza kukuta upepo umelala, jua linawaka, na wimbi refu la mbali linakuja kimya kimya kumchukua mtu miguu.

Basi, wazazi wenzangu, someni namba. Mkifika, waulizeni waokoaji, halafu kaeni mchangani dakika 20 mkitazama maji kabla ya kumruhusu mtoto. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na katikati bahari hutulia ukadhani imekwisha hasira. Dakika 20 ndizo boya lenyewe linazotumia kabla ya kusema neno.

Wasalaam.